Ibn Sina na maradhi ya kifafa

Tangu Mbumbuni huko Ukambani hadi Lamu, mtu akianguka kifafa wapo watakaokimbia wasimguse. Sisi wa pwani, mgonjwa akiwa mtoto, twasema ameingiwa na subiani. Jina hilo limetoka mbali. Matabibu wa Kiarabu walikiita kifafa cha watoto umm al-sibyan, na Abu Ali al-Husein bin Sina alilitaja katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba yapata miaka elfu moja iliyopita.

Bwana huyu, ambaye Wazungu humwita Avicenna, alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Angali kijana aliitwa kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, na mgonjwa alipopona akaomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya jumba la kifalme.

Baada ya hapo hakutulia. Alihama mji hata mji. Hamadan akawa waziri, askari wakamwasi, baadaye akafungwa katika ngome ya Fardajan. Mchana alishughulika na serikali, usiku wanafunzi wakamsomea vitabu vyake. Sijui alilala saa ngapi!

Katika Kanuni alieleza kwamba kifafa ni maradhi ya ubongo, ingawa chanzo chaweza kuwa tumboni au hata katika mkono au mguu. Kwa hiyo tabibu hatazami kichwa pekee. Ataulizia chakula cha mgonjwa, usingizi wake, mwendo wa mwili wake, hofu na hasira zake. Kuhusu wazimu wa huzuni, ambao watu waliusingizia majini, alijibu kwa hekima: hakubishana juu ya majini, ila alisema kwamba kazi ya tabibu ni kuangalia kilichobadilika mwilini na kukitibu hicho.

Alikosea pia. Alidhani njia za ubongo huzibwa na ute mzito, na leo tunajua kwamba ni umeme wa ubongo unaokwenda mrama. Lakini wangapi wameungua kwa sababu jirani waliogopa kuwashika? Huko Mahenge, Tanzania, Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyefungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, walioangukia mekoni na watu wakachelea kuwavuta. Vidonge aliwapa, na pamoja navyo akakaa na jamaa zao akizungumza nao.

Ibn Sina alipatwa na msokoto wa tumbo akiwa safarini pamoja na mtawala wa Isfahan. Alijitibu mwenyewe kwa pupa, maradhi yakazidi. Alipoona hana nafuu aliacha dawa, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akihitimisha Kurani kila siku tatu. Alifariki mwaka 1037, naye amezikwa Hamadan.