Denis Pritt, wakili aliyewatetea Kenyatta na Mwalimu Nyerere

Swali moja hutufikia karibu kila mara tunaposoma habari ya mauaji au ya wizi wa mizigo kwenye malori hapa Tunduma. Huja kwa ujumbe wa simu, mara nyingine kwa hasira: huyu wakili anayemtetea muuaji, hana huruma na marehemu? Analipwa shilingi ngapi hata akubali kusimama upande wa mtu kama yule?

Nimeona badala ya kulijibu kwa vifungu vya sheria nisimulie maisha ya mtu mmoja. Alikuwa Mwingereza, amekufa zaidi ya miaka 50 iliyopita, lakini kazi yake ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliposhtakiwa na serikali ya mkoloni mjini Dar es Salaam, mtu aliyeongoza utetezi wake ni huyu, Denis Nowell Pritt. Miaka sita kabla ya hapo alikuwa Kenya akimtetea Mzee Jomo Kenyatta.

Pritt alizaliwa London tarehe 22 Septemba 1887. Familia yake haikuwa maskini, alisoma shule nzuri, na mwaka 1909 akakubaliwa kuwa wakili. Mwaka 1927 akapewa cheo cha wakili wa Mfalme, cheo ambacho Uingereza hupewa mawakili wachache waliobobea. Angeweza kuishia hapo, akatetea makampuni na kula vizuri. Lakini siasa za mrengo wa kushoto zilimvuta, na wateja wake wakaanza kuwa watu wa aina nyingine.

Mmoja wao alikamatwa Hong Kong mwaka 1931. Alikuwa mwanasiasa wa Vietnam, na Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi yake walikuwa wakimtafuta kwa udi na uvumba. Waingereza walitaka kumwondoa Hong Kong kwa meli ambayo ingemfikisha moja kwa moja mikononi mwa Wafaransa. Rufaa yake ilipelekwa London, Pritt akaishika. Mwaka 1932 serikali ikakubali kumalizana naye: ataondoka Hong Kong, lakini hatapelekwa kwa Wafaransa. Mtu huyo ni Ho Chi Minh, ambaye baadaye akawa rais wa Vietnam Kaskazini. Wakati ule hakuwa rais wa chochote. Alikuwa mfungwa mgonjwa, na kilichomwokoa ni wakili aliyeuliza kama sheria inaruhusu kile serikali inachotaka kufanya.

Sasa twende Kenya. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wengi kwa tuhuma za kuhusika na Mau Mau. Sita walifunguliwa mashtaka pamoja: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Hawakushtakiwa Nairobi. Walipelekwa Kapenguria, mji mdogo kaskazini magharibi ya Kenya, mbali na waandishi wa habari na mbali na umati wa wafuasi wao. Kesi ikasikilizwa kwenye jengo la shule.

Pritt alikuwa na miaka 65 alipofika. Pamoja naye walikuwapo mawakili kutoka nchi mbalimbali. Alikuwapo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili hapa Tanganyika. Alikuwapo H. O. Davies kutoka Nigeria na Chaman Lall kutoka India. Wa Nairobi walikuwa Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Kapenguria haikuwa na hoteli, hivyo mawakili walikaa Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Kitale ilikuwa mji wa walowezi, na ubaguzi wa rangi ulikuwa wazi. Mzungu, Mwafrika na Mhindi wanaofanya kesi moja hawakuweza kulala kwenye hoteli moja. Ukiwahi kusafiri kutoka Kamsamba au Itumba kufuata kesi ya ndugu yako, ukafika ukaambiwa imeahirishwa, utaelewa kidogo jinsi umbali peke yake unavyoweza kuwa adhabu.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu. Hakukuwa na baraza la wazee wala jopo, aliamua peke yake.

Pritt alianza na jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni lugha. Ushahidi ulitolewa kwa Kikuyu na kutafsiriwa kwa Kiingereza, na mkalimani mkuu alikuwa Louis Leakey, yule yule wa uchimbaji wa mifupa ya kale Olduvai. Leakey alikijua Kikuyu vizuri sana, lakini pia alikuwa mpinzani wa wazi wa Mau Mau. Utetezi ulilalamikia ukalimani wake mpaka akajiondoa. Kwetu, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Hata hivyo yuko bibi kule Momba au Ileje ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Huyo ana haki ya mkalimani, na ni haki yake kusema kwamba hakuelewa swali.

Kazi kubwa ya Pritt ilikuwa kuwahoji mashahidi wa upande wa mashtaka, yale yanayoitwa maswali ya dodoso. Watu wengi hudhani wakili wa utetezi anakwenda mahakamani kuthibitisha kwamba mteja wake ni malaika. Sivyo. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni yule aliyeshtaki. Ndivyo ilivyokuwa Kapenguria, na ndivyo ilivyo Tunduma leo: Jamhuri inatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi, na Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ametenda kosa. Kwa hiyo wakili anaupima ushahidi kama mama sokoni Mlowo anavyopima mahindi: anatia mkono ndani ya gunia, haangalii ya juu tu.

Upande wa mashtaka ulipomaliza mashahidi wake, Pritt aliomba mahakama iseme kwamba washtakiwa hawana kesi ya kujibu. Thacker akakataa.

Kabla ya hapo Pritt mwenyewe alikuwa amejikuta kizimbani. Alikuwa ametuma simu ya maandishi kwa wabunge London akilalamika kwamba mazingira ya kesi yanawanyima wateja wake haki. Akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Mahakama Kuu Nairobi ilimwachia, akarudi Kapenguria kuendelea na kesi.

Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker aliwatia hatiani wote sita, na kila mmoja akapewa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Ukihesabu kwa matokeo, Pritt alishindwa.

Lakini fuata kilichotokea baadaye. Mwezi Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya iliitengua kesi kwa sababu ambayo msomaji anaweza kuiona ndogo: Thacker alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu wa jimbo jingine, si la Rift Valley iliko Kapenguria. Furaha haikudumu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaurudisha uhalali wa kesi. Januari 1954 Achieng Oneko akashinda rufaa yake, akaonekana hana hatia, na bado hakuachiwa huru. Alishikiliwa kwa amri ya kizuizini. Mtu ameshinda kesi na haendi nyumbani!

Kisha likaja la Rawson Macharia. Huyu ndiye alikuwa shahidi muhimu kuliko wote. Alisema alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo mwaka 1950. Mwaka 1958 akaapa kwa maandishi kwamba alidanganya, na kwamba serikali ilimwahidi nauli na gharama za masomo Uingereza pamoja na ardhi. Serikali ikamfikisha mahakamani na mwaka 1959 akafungwa. Hakufungwa kwa kudanganya kule Kapenguria. Alifungwa kwa madai kwamba kiapo chake kipya ndicho cha uongo. Ilikuja kujulikana pia kwamba Thacker alilipwa na serikali pauni 20,000 kwa siri. Maswali yale ya Pritt, ambayo wengine waliyaona ya kupoteza muda, yalikuwa yameelekezwa mahali penyewe.

Mwaka huo huo wa 1958 Pritt alishuka Dar es Salaam. Jarida la chama, Sauti ya TANU, lilikuwa limechapisha mwezi Mei maneno makali ya Mwalimu dhidi ya mabwana shauri wawili, akiwatuhumu kwa uonevu. Akashtakiwa kwa kashfa, na wakati ule kashfa ya namna hiyo ilikuwa kosa la jinai. Kesi ilianza Julai. Pritt alisaidiana na Mahmud Rattansey, wakili wa Tabora, na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Watu walijaa nje ya mahakama. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza anaingia nchini, na uchaguzi wa kura tatu ulikuwa mlangoni.

Agosti hukumu ikatoka: ana hatia, alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Walikuwapo waliotaka aende jela ili awe shujaa kama Kenyatta. Mwalimu akalipa. Nadhani ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu TANU ilimhitaji nje na si ndani. Hapa pia Pritt hakumtoa mteja wake bila hatia, lakini kwa siku kadhaa maofisa wa serikali walisimama mbele ya Watanganyika wakijibu maswali badala ya kuyauliza. Wazee wetu walikuwa hawajazoea kuona hivyo.

Sasa nafika sehemu ya maisha yake ninayotamani ningeiruka. Mwaka 1936, mjini Moscow, serikali ya Stalin iliwashtaki watu 16, wakiwemo Zinoviev na Kamenev, wazee wa mapinduzi waliokuwa karibu na Lenin. Karibu ushahidi wote ulikuwa maneno yao wenyewe ya kukiri. Hawakuwa na mawakili. Wote 16 walihukumiwa kifo na kupigwa risasi. Pritt alikuwa amekaa ndani ya ukumbi ule kama mtazamaji. Aliporudi London aliandika kijitabu kuitetea kesi hiyo kwamba iliendeshwa kwa haki.

Wakili aliyekuja kumhoji kila shahidi wa Kapenguria hakujiuliza kwa nini watu 16 wanashindana kujitia kitanzi. Aliwapenda Wasovieti, na mapenzi yakamziba macho. Hakuonekana kujutia sana. Alikuwa mbunge tangu 1935, akafukuzwa chama cha Labour mwaka 1940 kwa kuunga mkono Urusi ilipoivamia Finland, na mwaka 1954 akapewa na Wasovieti tuzo ya amani yenye jina la Stalin. Watu wale wa Moscow walisafishwa majina na serikali ya nchi yao wenyewe mwaka 1988, miaka 16 baada ya Pritt kufa.

Nimeliweka hili kwa sababu linatuhusu sisi watangazaji na ninyi wasikilizaji. Mara ngapi tumesoma kwamba mtuhumiwa amekiri katika mahojiano na polisi, na mtaani kesi ikawa imekwisha? Sheria yetu ya ushahidi haioni hivyo. Maelezo ya kukiri yanakubalika tu kama mtu aliyatoa kwa hiari yake, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha hiari hiyo. Aliyekamatwa anatakiwa kuambiwa kosa lake. Ana haki ya kutojibu maswali, mbali na jina na anuani, na ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Mwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu huwekewa wakili kwa gharama ya serikali akiwa hana uwezo. Kwa kesi nyingine, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu.

Nikiwa chuoni nikisomea cheti cha utangazaji niliandika kwenye zoezi kwamba mwizi amefikishwa mahakamani. Mwalimu alizungushia neno mwizi kalamu nyekundu. Nilikasirika, maana mtu yule alikuwa amekutwa na mali. Leo nalikumbuka zoezi lile kila ninapopokea taarifa ya mtu aliyepigwa na wananchi wenye hasira kali, ambaye hakuna tena atakayemuuliza swali.

Uzeeni Pritt alifundisha sheria Ghana, mwaka 1965 na 1966, akaandika kumbukumbu za maisha yake katika vitabu vitatu. Alifariki tarehe 23 Mei 1972 akiwa na miaka 84. Siku hiyo wateja wake wawili wa Afrika Mashariki, mmoja aliyetiwa hatiani Kapenguria na mwingine Dar es Salaam, walikuwa Ikulu. Vyumba walimofungiwa wale sita wa Kapenguria vipo mpaka leo, ni makumbusho, na mgeni anaweza kuingia na kutoka.