Solomon Mikhoels: Nguli aliyezikwa kwa heshima na waliomuua

USIKU wa Januari 12, 1948, makachero wa Stalin walimuua Solomon Mikhoels mjini Minsk, kisha wakautupa mwili wake barabarani ili ionekane amegongwa na lori. Serikali hiyo hiyo ikamwandalia mazishi ya heshima jijini Moscow.

Myahudi huyo, mzaliwa wa Dvinsk mnamo 1890, aliacha masomo ya sheria mwaka 1918 akajitosa jukwaani. Kuanzia 1929 aliongoza jumba la maonyesho la Kiyahudi la Moscow, lililoigiza kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Uigizaji wake wa Mfalme Lear mwaka 1935 ulimjengea sifa isiyo na kifani, mwenzake Benjamin Zuskin akiwa mchekeshaji wa mfalme.

Kinaya ni kwamba utawala wenyewe ndio uliompa sauti. Alifanywa mwenyekiti wa kamati ya Wayahudi ya kupinga ufashisti mwaka 1942, na mwaka uliofuata akatumwa Marekani na Uingereza kulichangishia fedha Jeshi Jekundu. Vita vilipokwisha, Wayahudi walionyanyaswa walimwendea yeye na kamati yake. Umaarufu ule ukageuka hatia.

Jumba lake lilifungwa mwaka 1949. Zuskin, aliyerithi uongozi, aliuawa kwa risasi Agosti 12, 1952.