Tingatinga: Jamaa wa Rangi ya Baiskeli Aliyeacha Jina Lake Hadi kwa Michoro Hakuchora

Ukitaja Tinga ukiwa stage ya Homa Bay ama soko ya Migori, hakuna mtu atakuuliza unamaanisha nani. Ni Baba. Raila Odinga alibandikwa hilo jina ju ya trekta, alama ya chama cha NDP kwenye uchaguzi wa 1997. Mchoro mdogo kwa karatasi ya kura ukageuka kuwa jina la mtu mzima, na likadumu hata baada ya chama chenyewe kumezwa na KANU mwaka wa 2002. Sasa uliza wasee wa hapo stage nani alichora ile trekta. Uone kama utajibiwa.

Leo tunapiga story ya Tingatinga mwingine, wa ng'ambo ya mpaka wa Isebania. Yake ilienda kinyume. Kwa Baba, mchoro ulimpa mtu jina. Kwa huyu, mtu ndiye alipea mchoro jina, halafu mchoro ukakimbia na jina hadi likawa la watu wengi. Kama wewe ni dizaina, unachapa baneri, unachora matatu ama unatengenezea wasee logo kwa simu, kaa hapa kidogo.

Kijana wa Tunduru

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, upande wa mpaka wa Msumbiji. Wazazi walikuwa wakulima wa kujilisha, hakuna cha ziada. Baba alikuwa Mwislamu, mama Mkristo, na ukicheki majina yake mawili ya kwanza utaona nyumba zote mbili zimo ndani.

Shule hakufika mbali. Miaka ya hamsini akafunga virago akaenda Tanga, kwa mashamba ya mkonge. Wakati huo mkonge ndio ulikuwa unaletea Tanganyika doh nyingi, na vijana kutoka kila pembe walikuwa wanaenda huko kuvunja mgongo. Kuelekea mwisho wa hiyo miaka akahamia Dar es Salaam, akapata kazi kwa nyumba ya Mzungu mmoja aliyekuwa afisa wa serikali. Kazi ya nyumbani, kazi ya shamba, zile kazi mtu anafanya kimya akisubiri mwisho wa mwezi.

Uhuru ukaja 1961. Maisha ya Tingatinga hayakubadilika sana. Aliendelea kuhustle huku na huku hadi 1968, mwaka ambao alishika brashi. Alikuwa na miaka 36. Hakuwa amekanyaga shule yoyote ya sanaa.

Hadibodi na rangi ya baiskeli

Hapa ndio dizaina anafaa kuweka masikio. Tingatinga hakuwa na doh ya kununua turubai na rangi za mafuta za wasanii wakubwa. Akachukua hadibodi, zile mbao laini watu huweka kwa dari, akazikata vipande vya mraba. Rangi akatumia ile ya kupaka baiskeli.

Rangi hiyo inang'aa na ni nzito. Haitaki mambo ya kuchanganya taratibu ili upate kivuli hapa na mwanga pale. Inataka umbo moja safi, mstari uliokatwa vizuri, rangi moja imelala kando ya nyingine. Kwa hivyo akachora hivyo: mnyama mmoja mkubwa katikati, chui ama tembo ama ndege, madoadoa yamepangwa vizuri, na nyuma pametulia, rangi moja tu. Ukiangalia kutoka mbali unaelewa papo hapo. Msee yeyote anayetengeneza posta anajua hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Hata saizi ilikuwa na akili. Kipande cha mraba cha kama sentimita 60 kila upande, mgeni anaweza kukibeba kwa ndege bila stress. Na soko alilijua. Michoro iliuzwa nje ya Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay, penye Wazungu na maofisa walikuwa wanakuja kununua vyakula. Mtu anatoka na mkate na maziwa, anaona chui mwenye macho makubwa anamwangalia, anatoa pochi.

Chini ya mchoro aliandika jina: E. S. Tingatinga. Hilo jina lilikuwa linaambia mnunuzi kuna mtu nyuma ya hii kitu, ana jina, na ukitaka ingine unajua pa kumtafuta.

Mbogi ya nyumbani

Biashara ikashika. Angekuwa mchoyo angefunga mlango, achore usiku, afiche siri ya rangi. Yeye alifanya tofauti. Aliita watu wake: ndugu, jamaa wa upande wa nyumbani, vijana waliokuja Dar kutafuta maisha kama yeye. Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah na wengine wakakaa chini wakajifunza kwake, mmoja anapaka rangi ya nyuma, mwingine anaweka madoadoa, hadi kila mmoja akaweza kusimama mwenyewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Bila cheti, bila ada ya muhula. Na hapo ndipo swali gumu lilizaliwa, ingawa hakuna aliyekuwa na muda wa kuliuliza. Kama mwalimu amekuonyesha mnyama, amekuonyesha rangi na vile ya kusimamisha shingo ya twiga, mchoro unaotoka mkononi mwako ni wa nani?

Usiku wa 1972

Tingatinga hakupata nafasi ya kujibu. Usiku mmoja wa 1972, Dar es Salaam, akiwa kwa gari, makarao walimfananisha na mhalifu waliyekuwa wanamsaka. Wakapiga risasi. Akafa. Aliacha bibi na watoto wawili.

Piga hesabu. Kuanzia 1968 hadi 1972 ni miaka 4 tu. Jina lake lilikuwa tayari kwa kuta za nyumba za wageni, zingine mbali na Afrika. Lakini wale walioshika bunduki usiku huo hawakujua wamemlenga nani.

Jina likabaki, mwenyewe hayupo

Wanafunzi wangeweza kutawanyika, kila mtu arudi kwa hustle ya kwanza. Hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale Oysterbay, wakafundisha wengine, na mwaka wa 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika kinachobeba jina la Tingatinga. Michoro ikabadilika. Mnyama mmoja akawa kundi, nyuma pakajaa miti, ndege, vijiji, Kilimanjaro. Kila mchoraji alikuwa na mkono wake, lakini mtalii akiingia dukani alikuwa anaitisha kitu kimoja tu: Tingatinga.

Mpata alivuka akaja Nairobi na kuchorea huku Kenya, akafa 1984. Wajapani waliipenda kazi yake hadi leo kuna hoteli inaitwa Mpata juu ya mteremko wa Oloololo, Maasai Mara, upande wa Trans Mara unaopakana na kaunti ya Migori. Huyo angalau alipata jina lake mwenyewe.

Upande mbaya pia ulikuja. Mtu aliyechora miaka 4 tu, kazi zake za kweli haziwezi kuwa nyingi, na hiyo ndiyo inazifanya kuwa ghali. Kwa hivyo kukatokea michoro mingi yenye sahihi yake ambayo yeye hakuigusa. Ile sahihi ya kumwambia mnunuzi ukweli sasa ikatumika kumdanganya.

Halafu 2010 jina likaingia kwa TV. Katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, za kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, zilitengenezwa Nairobi na vijana wa hapa, muziki ukiwa wa Eric Wainaina. Watoto dunia nzima wakajua Tinga Tinga. Ni wangapi walijua kulikuwa na Edward?

Sasa wewe wa Migori na Homa Bay

Unatengeneza baneri ya harambee Rongo, posta ya mazishi Ndhiwa, logo ya timu ya mtaa Mbita, stika ya bodaboda Awendo. Kesho yake unaona dizaini yako kwa WhatsApp, jina lako limekatwa chini na msee mwingine ameweka namba yake. Unauma kidole. Hapo maisha ya Tingatinga yanakufunza vitu viwili.

Cha kwanza, mtindo hauna ukuta. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi yenyewe uliyoitengeneza, hailindi wazo ama staili. Ukianza kuchora mamba kwa staili yako, mwingine anaweza kuchora kiboko kwa staili hiyo hiyo. Kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa michoro ya Tingatinga mwenyewe uliisha mwisho wa 2022.

Cha pili, jina lina kazi. Na hapa wengi hulala. Mteja akikuagiza kazi na hamjaandikiana chochote, sheria yetu inachukulia hakimiliki imeenda kwake. Ukitaka ibaki kwako, andikianeni mapema, hata kama mteja ni binamu. Lakini haki ya kutambuliwa kwamba wewe ndiye uliichora haiendi na hiyo doh. Inabaki yako. KECOBO wanasajili kazi za sanaa, na faili ya kwanza yenye tarehe usifute kamwe.

Homa Bay yenyewe iko na mfano wa vile inakuwa jina likikosekana. Kisiwani Mfangano, kwa miamba ya Mawanga na Kwitone, kuna duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zilizochorwa zamani sana. Watafiti wanaziunganisha na Watwa, wawindaji waliotangulia hapo. Ni kazi safi, bado inasimamisha mtu. Lakini aliyeshika rangi hatutawahi kumtaja.

Tingatinga tunamtaja ju alifanya mambo mawili ambayo watu hufikiri yanapigana: aliandika jina lake kwa kila kipande, na akafundisha vijana wake kila alichojua. Angeandika jina bila kufundisha, pengine angesahaulika kabla 1972 haijaisha. Angefundisha bila kuandika jina, leo tungekuwa tunasema tu ile michoro ya wanyama ya Dar.

Kwa hivyo baneri inayofuata ikitoka kwa mashine, weka jina lako pale chini kwa kona. Halafu yule kijana anayekaa hapo saiba akikuangalia kila siku, mvutie kiti.