Bertha Benz na Injini Iliyochemka

Bertha Benz alizaliwa tarehe 3 Mei, 1849, katika mji wa Pforzheim, nchini Ujerumani. Mwaka 1872 aliolewa na Karl Benz, fundi wa mitambo. Kabla ya arusi yao alikwisha kutoa fedha alizotengewa na wazazi wake ili kuiokoa karakana ya mchumba wake.

Mwaka 1886 Karl aliandikisha uvumbuzi wake: motokaa yenye magurudumu matatu na injini ya silinda moja. Watu waliitazama kwa hofu, wala wanunuzi hawakutokea. Bertha aliona kuwa gari lisipoonekana barabarani, kazi ya miaka mingi na fedha zao zote zingepotea bure.

Alfajiri moja ya mwezi Agosti, 1888, bila kumwarifu mumewe, alilitoa gari hilo Mannheim pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard. Walikuwa wakienda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa kilometa 100 hivi, nao ni mwendo mrefu kuliko wa kutoka Mwanza hadi Magu. Hakuna mtu aliyekuwa amekwenda mbali hivyo kwa motokaa.

Adui yao mkubwa njiani alikuwa joto. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya joto hugeuka kuwa mwendo. Joto linalosalia lisipoondolewa, vyuma hutanuka mno na pistoni huweza kukwama. Katika gari la Benz silinda ilizungukwa na maji. Maji hayo yalipokea joto, yakachemka, yakatoka kama mvuke. Kwa hiyo yalipungua upesi. Bertha hakungoja injini iharibike. Kila walipopata maji alisimama akaongeza. Penye vilima vikali watoto walisukuma, na bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Jioni walifika, akampelekea mumewe simu ya maandishi. Baadaye Karl aliliongezea gari gia ya kupandia milima.

Je, umepata kuona lori lililochemsha kando ya barabara ya Mwanza na Shinyanga? Katika magari ya siku hizi maji hayatupwi kama mvuke. Pampu huyazungusha kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na hewa inayovutwa na feni. Mvuke ukitoka, fundi huzima injini na kungoja ipoe. Hafungui kifuniko cha rejeta kingali moto, kwani maji yaliyobanwa humo huruka na kuunguza vibaya. Kisha hutafuta mahali yanapovuja, hutazama mipira, na katika magari mengi huangalia kama mkanda wa feni umelegea au umekatika. Kuongeza maji tu bila kutafuta ubovu ni kuahirisha shida. Tena maji ya ziwani yaliyochotwa penye matope huacha mashapo katika vijibomba vya rejeta, na vikiziba gari huchemsha tena.

Bertha Benz alifariki huko Ladenburg tarehe 5 Mei, 1944, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95. Tangu mwaka 2008 njia aliyopita imetambuliwa rasmi kuwa njia ya kumbukumbu yake.