Lavoisier na mizani yake

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tunashika fomula za kemia kwa kichwa tu, bila kufahamu. Tuangalie basi maisha ya mtu mmoja aliyefahamu.

Antoine Lavoisier alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1743. Alisoma sheria sawa baba yake, lakini moyo wake ulikuwa kwa sayansi. Mwaka 1771 alioa Marie-Anne Paulze. Huyu mama alimsaidia sana: alichora vyombo vya kazi na kumtafsiria maandiko ya Kiingereza.

Wakati ule watu walisema kwamba kitu kikiungua kinapoteza kitu fulani cha ndani. Lavoisier akauliza: sababu gani basi bati ikichomwa inazidi uzito? Mwaka 1774 alitia bati ndani ya chupa, akaifunga kabisa, akaipima, akaichoma. Akapima tena: uzito ni ule ule! Alipofungua chupa, hewa ikaingia kwa nguvu, na uzito ukaongezeka. Kumbe bati ilikuwa imekamata sehemu ya hewa. Priestley wa Uingereza alikuwa amepata hewa ile; Lavoisier ndiye aliyeipa jina oksijeni.

Mwaka 1789 alitoa kitabu chenye orodha ya elementi 33. Si zote zilikuwa za kweli: aliweka hata mwangaza na joto. Lakini njia yake ya kupima ilibaki.

Lavoisier alikuwa pia katika kampuni iliyokusanya kodi ya mfalme, na raia waliichukia sana. Mapinduzi yalipokuja, alikatwa kichwa tarehe 8 mwezi wa tano 1794. Alikuwa na miaka 50.

Na sisi hapa? Ile bati iliyoungana na oksijeni ni SnO₂, na kasiterite inayochimbwa Bisie, huku Walikale, ni SnO₂ vilevile. Kuitoa bati ndani ya jiwe tunatumia makala, yaani kaboni:

SnO₂ + 2C → Sn + 2CO

Tupime sawa Lavoisier (Sn = 119, O = 16, C = 12):
Kushoto: 151 + 24 = 175.
Kuume: 119 + 56 = 175.

Hakuna kilichopotea. Na kilo moja ya kasiterite safi iko na karibu gramu 788 za bati. Wanaochimba wanauza kwa kilo. Ni vizuri mtoto wao ajue hesabu hii, hata nje ya egzameni.

Sasa fanyeni wenyewe: oksijeni ni gramu ngapi ndani ya kilo ile?