Albrecht Kossel (1853–1927)

Ukikutana na jina hili, kumbuka kwanza damu ya bata bukini. Kossel, Mjerumani aliyezaliwa Rostock, alisomea udaktari, lakini akavutwa na kemia ya seli chini ya mwalimu wake Hoppe-Seyler huko Strasbourg.

Mwaka 1884 alihitaji viini vya seli kwa wingi. Chembechembe nyekundu za damu yako zikishakomaa hazina kiini. Za ndege zinacho. (Usikosee hapo, watahiniwa wengi hupoteza alama.) Ndani ya viini hivyo akapata protini aliyoiita histoni. Baadaye alichunguza besi za asidi za kiini, adenini ikiwamo, na mwaka 1910 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Histoni ina chaji chanya, DNA chaji hasi, ndiyo maana hushikana. DNA huzungushwa kwenye mafungu ya histoni nane nane kama uzi kwenye kijiti, ikaenea ndani ya kiini. Jeni nyingi za histoni za binadamu zimo katika kromosomu ya 6.

Kossel alivishika vyote viwili, uzi na kijiti. Alifariki Heidelberg mwaka 1927, miaka 26 kabla ya umbo la DNA kufahamika.