Gunpei Yokoi: Fundi wa mashine aliyeuza mamilioni kwa teknolojia iliyochakaa

FEDHA za korosho huja kwa msimu. Malipo ya mnada yakishamfikia mkulima wa Newala au Masasi, maswali huanza. Je, anunue bomba jipya la kupulizia salfa au alifanyie matengenezo lile la zamani? Achukue mashine ya kisasa yenye vikorombwezo vingi, au ile ambayo fundi wa stendi anaijua hadi skrubu ya mwisho? Akikosea, hana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kumfuta machozi. Itabidi asubiri msimu mwingine.

Swali hilo la kuchagua kati ya kipya cha gharama na cha zamani kilichozoeleka lilimkabili pia Mjapani mmoja aitwaye Gunpei Yokoi. Yeye hakuwa mkulima. Alianza kama fundi wa mashine kiwandani, akaja kuwa mbunifu wa vichezeo na mashine za gemu. Jibu lake liliiingizia kampuni yake fedha nyingi kwa zaidi ya miaka 20, na mwishoni likashindwa kumwokoa. Ndiyo sababu tumeona tumlete katika kurasa hizi za biashara na kilimo.

Wasomaji wengi hawajawahi kulisikia jina lake, lakini kazi yake wameiona. Vile vigemu vya mkononi vya betri, ambavyo watoto wetu walivitumia kupanga matofali yanayoshuka, vilifuata njia aliyoichonga yeye. Kitufe chenye umbo la msalaba kinachobonyezwa kwa dole gumba la kushoto katika mashine za gemu nacho ni kazi yake.

Kutoka kiwanda cha karata

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 katika mji wa Kyoto, Japan, na alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha kilichopo mjini humo. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo. Wakati huo Nintendo haikujulikana kwa gemu za video. Ilikuwa kampuni ya kutengeneza karata iliyoanzishwa mwaka 1889, na kazi ya Yokoi ilikuwa kuzihudumia mashine zilizotoa karata hizo.

Kazi haikuwa nyingi, hivyo muda alikuwa nao. Katika muda huo alijitengenezea mkono wa kuchezea uliounganishwa kwa vijiti vilivyopishana kama geti la kukunja la duka. Ukiubana huku, unarefuka na kushika kitu kule. Mwaka 1966 mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipita kiwandani akauona. Badala ya kumpa barua ya onyo, alimwagiza augeuze kuwa bidhaa. Uliingia sokoni kwa jina la Ultra Hand na kuuzwa zaidi ya milioni moja. Yokoi akatolewa kwenye mashine za karata na kupewa kazi ya kubuni vichezeo.

Mwaka 1970 alitoa bunduki ya kuchezea inayofyatua mwanga. Shabaha yake ilihitaji jicho la kutambua kwamba mwanga umeipiga. Yokoi alitumia vipande vya sola, ambavyo kampuni ya Sharp ilikuwa ikivitafutia wateja. Ni sola ya aina hii hii ambayo leo tunaiona juu ya mapaa ya vijijini ikiwasha taa. Yeye aliitumia kama jicho, kazi ambayo wengi hawakuifikiria.

Mambo hayakuwa mazuri siku zote. Mwaka 1973 kampuni ilianzisha kumbi za kulenga shabaha kwa bunduki hizo za mwanga. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani, wateja wakafuta maagizo yao, na Nintendo ikabaki na deni kubwa. Mkulima aliyewahi kupanua shamba mwaka ambao bei imeporomoka anaielewa hali hiyo.

Kikokotoo ndani ya treni

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yokoi alikuwa safarini kwa treni ya mwendo kasi. Inaelezwa kwamba alimwona abiria mmoja akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda. Akawaza kwamba mtu mzima angependa mchezo mdogo unaoingia mfukoni na usiomtia aibu mbele za watu.

Wakati huo Sharp na Casio zilikuwa katika vita kali ya bei za vikokotoo. Vioo vyake na chipu zake vilikuwa vimetengenezwa kwa wingi hadi bei ikashuka sana. Yokoi hakusubiri teknolojia mpya. Alichukua vioo na chipu vya namna hiyo, akaongeza saa, na mwaka 1980 akatoa kigemu kilichoitwa Game & Watch. Matoleo yake mbalimbali yaliuza zaidi ya milioni 43.

Hapo ndipo palipoonekana wazi kanuni aliyoifuata maisha yake yote. Aliamini kwamba mbunifu achukue teknolojia iliyokwisha kuchakaa, yaani ambayo kila fundi anaijua, inayopatikana kwa bei ndogo na ambayo kasoro zake zimeshajulikana, kisha aitafutie matumizi mapya. Unafuu haukuwa katika kubana ubora. Ulikuwa katika kununua vipuri ambavyo soko jingine lilikwisha kuvishusha bei.

Mwaka 1982 alipata tatizo jingine. Gemu ya Donkey Kong ilihitaji mchezaji aende juu, chini, kushoto na kulia, lakini mashine ilikuwa ya kukunja na kutia mfukoni. Mpini uliochomoza ungezuia isifungike. Akabuni kitufe bapa cha msalaba, ambacho dole gumba hukitambua bila jicho kuangalia. Mwaka uliofuata kitufe hicho kiliwekwa katika mashine ya nyumbani ya kampuni hiyo, na makampuni mengine mengi yakaiga umbo lake kwa namna zao.

Wengine waliotangulia

Si haki kumpa Yokoi sifa zote. Mashine ya kwanza ya gemu ya kuunganishwa kwenye televisheni ya nyumbani, Magnavox Odyssey, ilitoka mwaka 1972 kutokana na kazi ya Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ilitoa Channel F, iliyokuwa ya kwanza kutumia kaseti za gemu zenye chipu za kumbukumbu, ambazo mteja alizinunua mojamoja na kuzibadilisha. Kundi lililoikamilisha liliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Kabla ya hapo, ukiichoka michezo iliyomo ndani ya mashine, ulilazimika kununua mashine nyingine. Mwaka 1979 Microvision ikaleta ubadilishaji huo katika gemu za mkononi.

Mchango wa Yokoi ulikuwa kuyaweka mambo hayo katika chombo ambacho mtu wa kawaida angeweza kukinunua, kukiangusha na kukiokota.

Hesabu ya betri

Aprili 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, iliyobuniwa na kundi la Yokoi, akiwemo mhandisi Satoru Okada. Kwa kuitazama tu, ilionekana imepitwa na wakati. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa, na prosesa yake ilifanana na zile za miaka ya 1970. Lakini ilikuwa na kaseti za kubadilisha, na watu wawili waliweza kuunganisha mashine zao kwa waya wakashindana. Marekani iliuzwa kwa takriban dola 90.

Washindani walikuja na rangi na mwanga. Atari Lynx iliuzwa karibu dola 180 na Sega Game Gear karibu dola 150. Ukiziweka mezani pamoja, mteja angevutiwa na hizo mbili.

Sasa tupige hesabu kama mwenye duka la kijijini. Game Boy ilitumia betri ndogo nne kwa takriban saa 15. Game Gear ilitumia betri sita, nazo ziliisha kati ya saa tatu na tano. Hata tukiipa saa tano kamili, kucheza saa 15 kulihitaji betri 18 dhidi ya nne. Mzazi ndiye aliyekuwa akizinunua, na baada ya wiki chache alikwisha kujua ipi inamfilisi.

Game Boy pamoja na mrithi wake wa rangi ziliuza zaidi ya milioni 118. Washindani wale wawili hawakufika hata karibu.

Kuanguka

Mwaka 1995 Yokoi alitoa Virtual Boy, mashine ya kutazamia ndani kama darubini ambayo ilionyesha picha zenye kina. Hapa pia alitumia kitu cha bei nafuu, taa ndogo nyekundu ambazo tayari zilikuwa za kawaida viwandani. Kwa maana hiyo hakuiacha kanuni yake.

Lakini mtumiaji alilazimika kuinama mezani na kuyabandika macho kwenye mashine, akiona rangi nyekundu na nyeusi tu. Watu walilalamika kuumwa macho na kichwa. Ziliuzwa pungufu ya laki nane, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliondoka Nintendo. Alifungua kampuni yake ndogo, Koto, na kuanza kushirikiana na Bandai katika mashine mpya ya mkononi. Hakuiona ikikamilika. Oktoba 4, 1997 gari alilokuwamo lilipata ajali katika barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa. Aliposhuka, akagongwa na gari jingine, akafariki akiwa na umri wa miaka 56.

Mashine ile, WonderSwan, ilitoka Machi 1999 kwa yeni 4,800. Ilitumia betri moja tu ndogo, na betri hiyo ilidumu kwa zaidi ya saa 30.

La kujifunza kwetu

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, maisha ya mtu huyu yana mafunzo matatu ya mfukoni.

Kwanza, bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Bomba la salfa, pampu ya maji au mashine ya kusaga hula mafuta, vipuri na siku za kusubiri fundi. Juu ya uwanda wa Newala, ambako maji hayako karibu, pampu inayokaa wiki mbili ikingoja kipuri kutoka mbali ni hasara kuliko ya kizamani inayotengenezwa siku hiyo hiyo. Uliza kwanza vipuri vyake viko wapi, Masasi, Mtwara au Dar es Salaam.

Pili, angalia kilichoshuka bei kwa sababu ya soko la wengine. Sola na betri za pikipiki zimeenea kwa sababu ambazo hazihusiani na korosho. Anayefikiria namna ya kuzitumia katika ubanguaji mdogo, duka au ufugaji wa kuku ananufaika na gharama ambazo wengine walikwisha kuzibeba.

Tatu, na hili ndilo lililomgharimu Yokoi, kitu rahisi hakiuziki kama kinamuumiza anayekitumia. Kabla ya kuagiza mashine 20 za kubangulia, chukua moja, mpe mama anayebangua kila siku, umwache nayo wiki nzima. Mgongo wake, macho yake na vidole vyake vitakueleza zaidi ya karatasi ya muuzaji. Akiirudisha, umepoteza bei ya moja, na fedha za msimu bado unazo.